Somo la Familia: Mzee Aliyerudia Mbio



Somo la mara hii linahusu kukimbia. Tunajua neno hilo ni zito hapa kwetu. Katika Kiswahili, mtu anayekimbia uwanjani kwa mazoezi na mtu anayekimbia usiku na mtoto mgongoni wanatumia kitenzi kimoja. Wa kwanza tunamwita mkimbiaji, wa pili mkimbizi, na mzizi ni ule ule. Wengi wetu tumekimbia mara moja, wengine mara tatu, na hakuna aliyekuwa anatafuta afya. Ndiyo maana kijana akipita mbio asubuhi na kaptula yake, kuna mama ambaye roho inamruka kwanza. Anachungulia nyuma ya yule kijana aone nani anamfukuza, halafu ndipo anaendelea kufagia.

Baadhi ya wazazi wametuuliza: mtu mzima kukimbia bila kufukuzwa, bila zawadi, bila kutumwa mahali, si utoto huo? Na mzee akifanya hivyo, watoto wakamcheka njia nzima, si anajivunjia heshima? Tumeona tusijibu kwa maneno matupu. Tutafuata habari za mtu mmoja tangu utoto wake mpaka kifo chake, tuone mbio zilikuwa kitu gani kwake katika kila umri.

Mtu huyo ni Fauja Singh. Alikuwa Mpunjabi wa India, mkulima, asiyejua kusoma wala kuandika. Kwa dini alikuwa Singasinga, mwenye kilemba na ndevu ndefu. Hakuwa Mkristo, na hatutamgeuza awe Mkristo kwa ajili ya somo letu. Mbio hazikuwa ajira yake. Alikimbia kama baadhi yetu wanavyoimba kwaya, yaani kwa kupenda.

MTOTO ALIYECHELEWA KUTEMBEA

Pasipoti yake ilionyesha kwamba alizaliwa tarehe 1 Aprili 1911, katika kijiji cha Beas Pind, karibu na mji wa Jalandhar. Wakati huo India ilitawaliwa na Waingereza. Miguu yake ilikuwa myembamba na dhaifu, na hakuweza kutembea vizuri mpaka alipofika miaka mitano. Watoto wenzake walimtania wakimwita fimbo. Alipopata nguvu alikwenda shambani kama wengine, na inaelezwa kwamba katika ujana wake alipenda sana kukimbia.

Ukafika mwaka 1947. Waingereza waliondoka, nchi ikagawanywa kuwa India na Pakistani, na jimbo la Punjab likakatwa katikati. Watu zaidi ya milioni 10 walihama, wengine wakienda huku na wengine kule, kwa treni, kwa mikokoteni ya ng'ombe na kwa miguu. Mamia ya maelfu waliuawa. Jalandhar ilibaki upande wa India, kwa hiyo Fauja hakulazimika kuvuka mpaka. Lakini inasemwa kwamba ni wakati huo alipoacha mbio.

Jambo hili hatuhitaji kulieleza sana kwa wasomaji wetu. Kati yetu yuko baba aliyekuwa golikipa hodari kule nyumbani, na leo hata mpira wa watoto ukija miguuni pake anaupisha. Yuko mpiga gitaa ambaye hajagusa nyuzi tangu alipovuka. Hakuna aliyewakataza. Mtu anaacha kitu wakati wa hatari kwa sababu nafasi haipo, na hatari ikipita anaona aibu kukirudia, kana kwamba kufurahi ni kuwasahau waliokufa. Fauja naye alikaa miaka karibu hamsini akilima na kulea watoto.

MISIBA MITATU

Mke wake alifariki mwaka 1992. Binti yake mkubwa alifariki kutokana na matatizo ya uzazi. Halafu Agosti 1994 mwanawe Kuldip alikufa katika ajali ya ujenzi. Huyu Kuldip ndiye aliyemvunja kabisa. Wanaomjua wanaeleza kwamba mzee alipoteza hamu ya kuishi.

Katika miaka hiyo ya 1990 alihamia Uingereza kuishi na mwanawe mwingine, huko Ilford, mashariki mwa London. Hebu fikirini hali yake. Ana miaka zaidi ya themanini. Kiingereza hajui. Shamba hana, ng'ombe hana, majirani aliowazoea hawapo. Watoto na wajukuu wanatoka asubuhi kwenda kazini na shuleni, yeye anabaki ndani na picha za wafu wake kichwani. Hapa makazini tuna wazee wengi wa namna hiyo. Mgao wanapata, nyumba wanayo, hawajaumwa ugonjwa wenye jina, lakini kila mwezi wanazidi kupungua. Tukiwatembelea tunaomba, tunakunywa chai kama ipo, tunaondoka, na wao wanarudi kukaa pale pale kwenye kigoda.

Fauja alianza kutoka nje. Alitembea, akatembea zaidi, halafu akaanza kukimbia kidogo kidogo. Hakuwa anajiandaa kwa shindano lolote. Alikuwa anatafuta saa moja ya siku ambayo haitajaa msiba. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kukimbia ndiko kulikomtoa kwenye huzuni ile.

Tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo lilipo somo lenyewe. Mbio alizozirudia Fauja hazikuwa zile za ujana wake. Kijana wa Beas Pind alikimbia kwa sababu miguu iliyokuwa dhaifu sasa ilikuwa na nguvu. Mzee wa Ilford alikimbia kwa sababu kukaa kulikuwa kunamuua. Miguu ni ile ile na tendo ni lile lile, ila haja ilikuwa nyingine. Angesubiri mpaka furaha ya ujana irudi ndipo akimbie, hangekimbia kamwe. Tunadhani wengi wetu tunangoja kosa hilo hilo: tunangoja tujisikie kama zamani ndipo turudie tulichokipenda zamani.

Watu wa afya wanajua sababu zake, angalau kwa sehemu. Mwili ukifanya kazi kwa muda, usingizi unakuja vizuri zaidi, hamu ya chakula inarudi, na mawazo yanayozunguka mahali pamoja yanapata kukatika. Haina maana kwamba huzuni inaisha. Mwenye huzuni nzito, anayeongea habari ya kujiua au asiyekula kwa siku nyingi, asiambiwe nenda ukakimbie. Apelekwe zahanati, na asiachwe peke yake.

LONDON, MWAKA 2000

Siku moja Fauja aliona habari za marathoni kwenye televisheni, akataka kukimbia hiyo. Marathoni ni mbio za kilometa 42 na mita 195. Urefu huo wa ajabu ulitokana na Olimpiki ya London ya mwaka 1908, ukaja kuwa kanuni ya dunia nzima mwaka 1921. Mtu akitembea mwendo wa kawaida bila kupumzika, anatumia saa nane na zaidi.

Alikutana na Msingasinga mwenzake, Harmander Singh, akawa mwalimu wake wa mazoezi. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza mzee alifika mazoezini amevaa suti kamili, koti na kizibao ndani. (Tusicheke sana. Katika wazee wetu wapo ambao hata kisimani hawaendi bila koti.) Inasimuliwa pia kwamba alidhani marathoni ni kilometa 26, kumbe ni maili 26. Alipoelezwa ukweli hakujitoa, alitaka mazoezi yaongezwe.

Aprili 2000, akihesabiwa kuwa na miaka 89, alimaliza London Marathon kwa saa 6 na dakika 54. Siku hiyo hiyo, kwenye barabara hizo hizo, mshindi wa wanawake alikuwa Mkenya Tegla Loroupe, kwa saa 2 na dakika 24. Kati ya muda wa mama huyo na muda wa Fauja kulikuwa na tofauti ya saa nne na nusu. Jina la Tegla mlishike, tutalirudia.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa mbio, nao walimwelewa, maana karibu na mji wao yalifanyika mashindano ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Wa mwisho hakuwa na taji. Marathoni za mijini za siku hizi zimefungua mlango mwingine. Mbele wanakimbia wachache wanaogombea fedha, na nyuma yao wanakuja maelfu ambao kila mmoja ana sababu yake: huyu alipona ugonjwa, huyu ameachwa na mume, huyu anachangisha fedha za hospitali. Fauja alikuwa wa kundi hilo la nyuma. Yeye alikimbia kwa ajili ya Bliss, shirika la Uingereza linalosaidia watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mzee kuliko wote alikuwa anawakimbilia wachanga kuliko wote.

Hapo mbio zikawa zimebadilika tena. Mtu aliyetoka nje ili asife kwa majonzi, sasa alikuwa na watu wanaomngojea. Kuhusu kilometa za mwishoni alieleza kwamba maili ishirini za kwanza si tatizo, na zile sita zilizobaki alikuwa akikimbia huku anazungumza na Mungu. Hapo msomaji wetu hahitaji mkalimani. Tuliovuka msitu tunayajua mazungumzo ya namna hiyo.

HESABU ZILIPOINGIA

Miaka iliyofuata alizidi kuwa mwepesi, jambo ambalo halikutegemewa. Mwaka 2003, huko Toronto nchini Kanada, alimaliza kwa saa 5 na dakika 40, akiwa na miaka 92. Tangu London ya kwanza alikuwa amepunguza zaidi ya saa nzima. Wiki chache baadaye akakimbia New York, akatumia saa 7 na dakika 35. Kwa hiyo msidhani ilikuwa kupanda tu. Mwaka 2004 kampuni ya viatu ya Adidas ilimtumia katika matangazo yake, na mzee wa kijijini akawa anajulikana mabara yote.

Tarehe 16 Oktoba 2011 alirudi Toronto akiwa na miaka 100. Alimaliza kwa saa 8 na dakika 11. Ukigawanya, ni kama kilometa tano kwa saa, mwendo wa mama anayewahi soko. Hakuna mtu wa umri huo aliyejulikana kumaliza marathoni kabla yake. Dunia nzima ilitangaza.

Halafu likaja suala la karatasi. Wahariri wa kitabu cha rekodi cha Guinness walitaka cheti cha kuzaliwa. Fauja alikuwa na pasipoti ya Uingereza yenye tarehe, na alikuwa na barua ya pongezi ya Malkia kwa kutimiza miaka mia. Cheti hakuwa nacho. Maofisa wa India walieleza kwamba mwaka 1911 kumbukumbu za vizazi hazikuwekwa kule. Rekodi haikuandikwa.

Tunajua mnavyosoma aya hiyo. Wangapi kati yetu wameandikishwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu karani alihitaji tarehe na sisi tulikuwa na jina la msimu tu, mwaka wa njaa ile, au mwaka daraja lilipovunjika? Wangapi wamekosa nafasi ya shule kwa mtoto, au safari, kwa sababu vyeti viliungua pamoja na nyumba? Kwa haki lazima tuseme pia upande wa pili. Anayeandika rekodi za dunia hawezi kuandika kila anachoambiwa, na umri wa Fauja kwa kweli hauna uthibitisho wa siku na mwezi. Wahariri wale hawakumwita mwongo. Walisema tu hawawezi kuthibitisha. Lakini kwa mtu aliyeishi, neno hilo linauma hata likisemwa kwa upole.

Kinachotufurahisha ni alichofanya baadaye. Aprili 2012, miezi sita tu baada ya Toronto, alikimbia tena London, saa 7 na dakika 49, upesi kuliko ile ya Toronto. Mwaka huo huo alibeba mwenge wa Olimpiki. Kama mbio zingekuwa zimegeuka kuwa karatasi kwake, angekaa nyumbani na kununa. Hiyo ya London ilikuwa marathoni yake ya tisa, na ya mwisho.

ALIVYOZIWEKA CHINI

Februari 2013, zikiwa zimebaki wiki chache atimize miaka 102, alikimbia kilometa kumi huko Hong Kong kwa saa 1, dakika 32 na sekunde 28. Alikuwa ametangaza mapema kwamba hilo ndilo shindano lake la mwisho, na ikawa hivyo. Alisema ataendelea kwa ajili ya furaha, afya na kusaidia wahitaji, ila mashindano basi.

Sisi tunaona hapa palikuwa pagumu kuliko kilometa 42. Mtu aliyeokolewa na kitu fulani anaogopa kukipunguza, maana anafikiri huzuni iko nyuma inamngoja. Tumewaona watu wa namna hiyo hata katika huduma za kanisa. Mama aliongoza kikundi miaka ishirini, sauti imekwisha, magoti yamekwisha, na bado hataki mwingine ashike. Fauja alishusha mzigo akiwa bado anaweza kusimama. Akabaki na matembezi ya kila siku. Kwa mwili ule, kutembea ndiyo zilikuwa mbio zake.

Katika miaka yake ya mwisho aliishi tena kijijini kwake, Beas Pind. Tarehe 14 Julai 2025 aligongwa na gari alipokuwa akivuka barabara kuu karibu na kijiji hicho, akafariki siku hiyo. Kwa hesabu ya pasipoti alikuwa na miaka 114. Kifo chenyewe kinasikitisha, na hatutakipamba.

KUHUSU VIJANA WETU

Tulisema tutarudi kwa Tegla Loroupe. Mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda New York Marathon. Baada ya ushindi wake mwingi alijishughulisha na mbio za amani, na taasisi yake ikafanya majaribio ya wakimbiaji katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Wengine walikimbia peku. Watano kutoka Kakuma, wote wa asili ya Sudan Kusini, wakachaguliwa kuingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, Rio de Janeiro mwaka 2016. Timu nzima ilikuwa ya watu kumi, na wawili kati yao walikuwa Wakongo waliopata hifadhi Brazili, wacheza judo. Bendera ilibebwa na Rose Lokonyen, binti wa Kakuma. Tegla alikuwa kiongozi wa msafara.

Habari hiyo ni ya kweli na ni nzuri, na vijana wetu wanaijua. Shida ni hesabu. Kambi ile ina watu zaidi ya laki moja, na waliokwenda Rio ni watano. Kijana anayekimbia kila asubuhi akiwaza ndege tu, siku goti likiuma atakuwa amepoteza vyote viwili, ndege na mbio. Wazazi msiwavunje moyo. Mwambieni afanye mazoezi na amalize shule, na mumuulize pia kama kuna siku anakimbia kwa kupenda tu. Akijibu ndiyo, huyo atakuwa na kitu cha kushika hata akiwa na miaka sitini.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KUANZA

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, na wazee wa miaka 65 na zaidi pia, wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Akina mama wengi wanaochota maji na kutafuta kuni wameshazipita dakika hizo, kwa hiyo tusiwahubirie. Waliolengwa hapa ni sisi tunaokaa kwenye vibaraza. Kipimo rahisi: ukitembea, uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba ubeti mzima, ongeza mwendo. Kama hata kuzungumza kunakushinda, punguza.

Chakula ni jambo la kweli. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilometa tano anatumia nishati ya kalori kama 300. Mgao kamili kwa kipimo cha mashirika ni kalori 2,100 kwa siku, na tunajua mgao ukipunguzwa inakuwaje. Marathoni moja inamaliza kalori 2,500 hivi, zaidi ya chakula kizima cha siku. Kwa hiyo mtoto anayekula mara moja asilazimishwe mazoezi marefu, na mama mjamzito au anayenyonyesha aulize kwanza zahanati. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua naye aulize kwanza. Wazee waanze na kutembea, tena wawili wawili, mapema kabla ya jua kali, na maji wachukue. Wasichana wasitoke peke yao gizani. Hilo tunalisema kwa uchungu, lakini lazima tuliseme.

Na kama njia yenu inapita karibu na nyumba ya mtu ambaye mbio zinamkumbusha usiku fulani, msalimieni kwa sauti kabla hamjafika, ajue ni ninyi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Tunaomba kila familia ichukue jioni moja kwa maswali haya. Watoto wasikie wazazi wakijibu, na wazazi wasiwajibie babu na bibi.

1. Kabla ya kukimbia vita, wewe ulipenda kufanya nini ambacho watoto wako hawajawahi kukuona ukikifanya? Wasimulie.

2. Fauja aliacha mbio karibu miaka hamsini. Wewe umeacha nini? Ni nafasi iliyokosekana, au ni aibu?

3. Je, kuna kazi au huduma unayoishikilia ingawa mwili umekataa? Nani angeweza kuishika ukiwa bado upo wa kumfundisha?

4. Katika safu yenu ya nyumba, ni mzee gani ambaye hajatoka kibarazani tangu mwezi uliopita? Nani atakwenda kumchukua kesho asubuhi, na watatembea mpaka wapi?

Kwa wasiojua kusoma, mshiriki wa kikundi chenu atapita na gazeti siku ya Jumatano.